Mradi wa ramirezi: kisima, mvua na majani ya mkungu

JANUARI

Tanki la samaki limekuja jana kwa bajaji, nimelipakata kama mtoto toka kwa fundi vioo mpaka nyumbani Kigamboni. Sentimita 80 kwa 35 kwa 35, ukiacha nafasi kidogo juu unapata kama lita 90. Fundi nilimsumbua kwenye silikoni, maana ile ya bafuni inawekwaga dawa ya kuzuia ukungu na samaki haimfai kabisa, nikamwambia tumia ile ya kawaida inayonuka siki. Akaniangalia kama nimechanganyikiwa lakini akaitafuta.

Ninaowataka ni ramirezi, vile visamaki vidogo vya jamii ya siklidi, sentimita 5 hivi, mwili wa njano, madoa ya bluu yanayometa, jicho jekundu lenye mstari mweusi umelikata katikati. Kwao ni nyanda za mto Orinoco, Venezuela na Kolombia, huko maji ni ya moto, laini, yana asidi kidogo. Kila mtu kanionya kwamba hawa wanakufa ovyo. Mi nikajua wanazidisha tu.

Nikanunua wawili, elfu 25 kila mmoja, tanki likiwa na siku 5. Ndiyo, najua, ni mapema mno. Mwenye duka kaniambia hii mbegu ya Mjerumani haina shida, weka tu.

FEBRUARI

Wote wamekufa. Jike siku ya 8, dume siku ya 11.

Naandika hapa ili nisijidanganye baadaye. Dume alianza kuwa mweusi, akajibanza kona ya filta, mashavu yanapiga haraka haraka, chakula anakitia mdomoni afu anakitema. Badala ya kupima maji mi nikakimbilia dawa, leo ya fangasi, kesho chumvi, keshokutwa ile ya bluu ambayo mpaka leo sijui ndani ina nini. Vipimo vya matone nimevipata baada ya msiba na ndo nikaona aibu yangu: amonia 1, pH (kipimo cha asidi) 8.1, ugumu wa maji digrii 17, KH (ile inayoshika pH isiyumbe) 12, na kalamu ya TDS, inayopima chumvichumvi zilizoyeyuka, inasoma 640. Hayo ndo maji ya kisima chetu, ndoo ikikauka inabaki na unga mweupe. Sasa amonia kwenye maji yenye pH juu na joto la nyuzi 30 inakuwa sumu kali kuliko ileile kwenye maji yenye asidi, kwa hiyo hapo dawa ilikuwa haiwezi kusaidia kitu. Niliwatoa maji laini nikawatumbukiza kwenye supu ya chokaa halafu nikawalaumu wao kwa kuwa dhaifu.

Na mchanga. Nilichukua wa ufukweni, bure, mweupe mzuri. Nikaukamulia ndimu, ukatoa povu tssss. Vipande vya makombe na matumbawe hivyo, kila siku vinayeyuka kidogo kidogo na kuongeza ugumu. Nimeutoa wote nikanunua wa mtoni kiroba kimoja, nikauosha mara 9 mpaka mgongo ukakataa.

MACHI

Mwezi mzima naangalia tanki lisilo na samaki. Mke wangu anapita anauliza "unawaangalia akina nani?"

Nalisha bakteria. Kila jioni natupia dagaa wa kusaga kidogo, wanaoza, wanatoa amonia, bakteria wa kwanza wanaigeuza nitriti, wa pili wanaigeuza nitrati ambayo ndo unaitoa kwa kubadilisha maji. Hiki kipindi nimetumia maji yale yale magumu ya kisima na nimefanya makusudi, kwa sababu hao bakteria kwenye maji laini yenye asidi wanazaliana kwa kujivuta sana, wanapenda KH iwepo. Nikasema kwanza waote vizuri kwenye sponji ya filta, kulainisha maji tutafanya taratibu baadae. Siku ya 36 amonia 0, nitriti 0. Nilishangilia peke yangu saa 5 usiku.

Mjomba kapiga simu toka Kigoma (mimi ni mtu wa Ujiji kwa asili), nikamweleza mradi. Akacheka mpaka akakohoa. "Yaani mjomba, ziwa tunalo, samaki tunao, wewe umeenda kuokota wa Venezuela?" Na kusema ukweli ana hoja. Ziwa Tanganyika wapo siklidi wadogo zaidi ya hawa, Neolamprologus multifasciatus, wanaishi ndani ya maganda ya konokono na kuzalia humohumo, na wanataka maji magumu yenye pH 8 na nusu kwenda 9, yaani karibu kabisa na kisima changu hiki hiki. Nimemjibu "sawa mjomba, tanki la pili". Ila moyo ukishapenda umependa.

APRILI

Masika imeingia, ndo nilichokuwa nakisubiri. Mapipa mawili ya lita 200 chini ya mfereji wa bati. Bati letu ni la rangi, halina kutu. Bati tupu la mabati ya zinki ningeogopa maana zinki kwenye maji laini inaua samaki upesi kuliko kwenye maji magumu. Mvua ikianza naiacha inyeshe robo saa ioshe vumbi na mavi ya kunguru, ndo nasogeza mpira kwenye pipa. TDS ya maji ya mvua: 12. Nilipima mara tatu sikuamini.

Maji ya mvua matupu nayo ni mtego, hayana KH ya kushika pH, siku moja inaporomoka na bakteria wote wanagoma. Kwa hiyo nachanganya ndoo moja ya kisima kwa nne za mvua. Nimebadilisha maji kidogo kidogo mpaka TDS ikatua 140 na KH 2 na kitu.

Halafu mkungu, ule mti wa kungu, si mkungu wa ndizi. Jamani mkungu! Watu Ulaya wanaagiza majani ya mkungu makavu kwa posta wanalipia hela, mimi upo mmoja nje ya geti la jirani unamchafulia uwanja kila wiki. Unaokota yaliyodondoka yenyewe yakawa kahawia, unayasuuza, unatupia matatu manne, maji yanageuka rangi ya chai ya rangi na pH inashuka kidogo, kwangu ikafika 6.7. Jirani sasa ananiwekea kwenye mfuko.

Samaki safari hii sikununua siku ileile. Nilienda dukani mara nne nikawa nasimama tu naangalia. Wengi wanaouzwa wamezalishwa mashambani Asia kwa vizazi na vizazi, wengine rangi zimekolezwa kwa homoni wakiwa bado wadogo, ukiona mtoto wa sentimita 2 anang'aa kama bwana harusi ujue kuna namna. Nilichagua watano wa rangi ya kawaida waliogombania chakula mbele ya macho yangu. Jike unamjua kwa tumbo la waridi na lile doa jeusi ubavuni kwake limenyunyiziwa bluu.

MEI

Karantini kwenye beseni kubwa la lita 60, sponji nimeitoa tanki kubwa ili bakteria wawepo tangu siku ya kwanza. Siku ya 6 mmoja ana kinyesi cheupe kama uzi, kirefu, tumbo limeingia ndani. Hapa nashukuru nilikuwa nimepima kwanza, amonia 0, nitriti 0, kwa hiyo nikajua hii sasa ni minyoo au vile vijidudu vya tumboni. Flagyl ya kawaida ya duka la dawa, nimesaga, miligramu 250 kwa kila lita 40, siku 5, kila siku nabadilisha robo ya maji kabla ya kuweka tena. Yule aliyeanza kuumwa alikufa siku ya 3, wanne walitoboa. Baada ya wiki 3 wakahamia tanki kubwa, na dume mmoja saa hiyo hiyo akaanza kusafisha jiwe bapa kwa mdomo.

JUNI

Mayai mara ya kwanza, wameyala. Mara ya pili, wameyala tena. Nilikuwa nachungulia kila dakika na kumbe ndo tatizo, nikafunika kioo cha mbele na kanga ya zamani. Wale wawili wengine walikuwa wanawazengea, nikawahamishia kwenye beseni.

Mara ya tatu kwenye nyuzi 29 mayai yametotoka siku ya tatu asubuhi, vifaranga vinatetemeka kwenye kishimo cha mchanga, siku 5 mbele vikaogelea, kama 60 au zaidi, wingu la vumbi linamfuata baba yake. Nililia? Sijibu.

Nikaharibu mwenyewe. Mayai ya artemia (vikamba vidogo sana vya kulishia vifaranga) niliyoyaagiza yalichelewa, nikawapa kiini cha yai la kuku. Nilikizidisha kidogo tu, na usiku ule umeme ukakatika masaa 6, filta kimya, maji ya moto hayashiki hewa nyingi, kiini kinaoza. Nilitikisa maji kwa kikombe mpaka saa 9 usiku kama mchota togwa. Asubuhi vilibaki 9. Sasa nimenunua kipampu cha hewa cha betri, elfu 18, kitu ambacho kingetakiwa kiwe cha kwanza kabla hata ya samaki.

JULAI

Vifaranga 9 bado 9, vina sentimita 1, vinakula artemia mpaka matumbo yanakuwa ya chungwa. Usiku kuna baridi, maji yalishuka 25, nimeweka hita na LUKU inalia, ila chini ya 27 hawa wananyong'onyea hivihivi unawaona.

Shida mpya ni mama mkwe. Amekuja toka Tanga wiki iliyopita, narudi kazini namkuta uani anafua, anafurahi kabisa: "Baba, maji yako haya yana povu zuri, sabuni kidogo tu!" Nikamwambia "shikamoo mama, karibu", ningesema nini kingine. Maji laini ndo yalivyo, sabuni inakubali. Mashuka, mapazia, kanga zake zote na za mke wangu. Pipa moja tupu, la pili limebaki lita 100 hivi.

Natumia lita 16 za mvua kila wiki, kwa hiyo hapo nina wiki 6, na vuli mpaka Oktoba. Nikipunguza nibadilishe lita 10 kwa wiki, mvua 8 kisima 2, nafika wiki 12, nagusa Oktoba kwa kucha. Ila vifaranga vinakula sana na nitrati imeshafika 20. Leo TDS 151. Nimepunguza chakula cha wakubwa kiwe mara moja kwa siku, na pipa nimelifunika nikapandisha juu yake mfuko wa simenti.

Mama mkwe anaondoka Jumapili.