Nilivyowaketisha Hajjati na mzee wa vitambaa

Kikao cha kwanza cha majirani kuzungumzia ubaguzi nilikiharibu mwenyewe. Niliandika UBAGUZI ubaoni kwa herufi kubwa, nikageuka, nikakuta watu kumi na mmoja wanatazama viatu vyao. Ualimu na uandishi vilikuwa vimenidanganya kwamba neno likitajwa tu, watu watafunguka.

Kwetu Jinja, Uganda, jambo hili lina tarehe. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi siku 90 waondoke. Maduka yao yakagawiwa, na waliogawiwa wakaitwa mafutamingi, yaani waliotajirika ghafla. Amin alipoanguka 1979, hasira ikatugeukia sisi Wanubi, jamii iliyohesabiwa kuwa watu wake, hata wale ambao hawakuambulia kigoda. Wengi walikimbilia Sudan na Zaire. Mimi nilizaliwa baadaye, lakini shuleni niliitwa "mtoto wa Amin" hadi darasa la saba.

Kikao cha pili nilifuta ubao, nikaomba kila mtu alete kitu cha nyumbani. Hajjati, Mnubi mwenzangu na jirani yangu wa mtaa wa Walukuba, alileta kawa alilosuka mama yake, zambarau imepauka kingoni. Mzee Mhindi muuza vitambaa, aliyerudi kutoka Uingereza miaka ya tisini, alileta fimbo ya wari, ya kupimia vitambaa, ya duka la baba yake. Mfanyakazi wao wa kabila la Wasoga aliificha darini miaka yote ile. Imelika upande mmoja, pale vidole gumba vilipokuwa vikibana kitambaa.

Hajjati akaishika, akaigeuza.

"Duka lenu alilichukua nani?"

"Mnubi."

Nilitaka kuingilia. Kwa mwalimu hakuna kazi ngumu kama kunyamaza, lakini nikanyamaza.

"Mnubi gani?"

Mzee akamtaja. Hajjati akasonya. "Yule! Shamba la baba yangu alilila, na sisi ni ndugu zake!"

Chai ilipoa siku hiyo. Tangu hapo simwombi mtu asamehe. Naandika anachosema kwa maneno yake, nasoma kwake kwanza, akiridhia ndipo nawasomea wengine. Mzee alifuta jina la yule bwana kwa sababu wajukuu zake wapo mjini na hawana kosa. Hajjati hakufuta hata nukta.

Wengine walidai tutumie Luganda, maana Kiswahili walikisikia kwanza kwenye vizuizi vya barabarani, kwa wenye bunduki. Sikuwalaumu. Baraza la mawaziri lilikipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2022, ila hofu haifutwi na baraza. Tumebaki nacho kwa kuwa wale wazee wawili hawana lugha nyingine ya kuongea pamoja, japo hata hicho wanakigombania.

"Kiswahili chako cha dukani, Mzee. Hakina ngeli."

"Na chako cha kambini, Hajjati. Kila neno amri."

"Basi nyamaza, mimina chai."

Akanyamaza, akamimina.