Barabara ya Morogoro: njia ya baiskeli hukatikia kwenye midomo ya mitaa

Kutoka Kimara hadi Magomeni, jijini Dar es Salaam, njia ya waenda kwa miguu na baiskeli ipo. Ilikuja na awamu ya kwanza ya mabasi ya mwendokasi, kilomita 20.9, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2016. Kinachoumiza watu ni kwamba inakatika. Kwa hiyo anayepanga maboresho aanze kwa kuhesabu mikato: kila barabara ya mtaa inapoingia, kila mlango wa kituo cha mafuta, kila kituo cha daladala.

Kisha ahesabu watu, kuanzia saa 11 alfajiri, kwa sababu wa Kimara wanakuwa barabarani kabla ya jua. Barabara igawanywe vipande vya mita 50, na kila robo saa iandikwe ni wangapi wamepita na wangapi wamevuka. Wanafunzi, wenye mizigo kichwani, guta na baiskeli za walemavu waandikwe kila kundi peke yake. Irudiwe siku ya mvua, ionekane madimbwi yanatuama wapi. Watu wakivukia pasipo na kivuko, kihamishwe kivuko, watu hawahamishiki.

Sasa tusimame kwenye mdomo wa mtaa mmoja. Barabara ya mtaa ina upana wa mita 7, kona zake zimechorwa kwa nusu kipenyo cha mita 12. Mtembea kwa miguu anayepita mita 3 kutoka ukingo wa barabara kuu anavuka karibu mita 15 za lami, na dereva anakata kona bila kugusa breki. Ikipunguzwa kona hiyo hadi mita 5, anavuka chini ya mita 8. Hakuna bomoabomoa, ni ukingo wa zege tu umesogezwa. Baada ya hapo njia ipite juu kwa usawa wake uleule na tofali zake zilezile, gari ndilo lipande sentimita 10 kwenye mteremko wa mita moja.

Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanainua tuta na kusahau maji. Masika ya kwanza mtaa unageuka bwawa, na wakazi wanalibomoa tuta, kwa haki kabisa. Mtaro wa pembeni lazima uendelee chini ya tuta, ufunikwe kwa vibao vya zege yenye nondo, milimita 600 kwa 300, unene 150. Kimoja kina kilo 65 hivi, watu wawili wanakiinua na kuzoa mchanga na chupa za plastiki. Bomba jembamba lililofukiwa halizibuliki.

Ili magari yasiingie kwenye njia, vigingi viwekwe kwa nafasi ya mita 1.5. Gari dogo halipiti, guta na kiti cha magurudumu vinapita. Bodaboda nazo zitapita, na kigingi hakitazizuia; zinahitaji maegesho yao pale konani, mita 6 kwa 2 kwa pikipiki sita. Wamachinga vilevile wapewe ukanda wao. Katikati zibaki mita 2 safi za miguu na mita 2 za baiskeli kila upande wa barabara.

Daraja la juu lisiwe jibu la kwanza. Ukiacha mita 5.5 za magari na unene wa daraja lenyewe, unapanda kama mita 6. Kwa mteremko wa 1 kwa 12 hizo ni mita 72 za kupanda na 72 za kushuka, kabla ya sehemu za kupumzikia. Mama mwenye ndoo kichwani atapita chini. Mpe kivuko cha taa chenye visiwa vya kusimamia vya mita 2, maana baiskeli ina urefu wa mita 1.8, na sekunde zihesabiwe kwa mwendo wa mzee, mita moja kwa sekunde.

Barabara kuu ni ya TANROADS, mtaa ni wa TARURA, nguzo za TANESCO, mabomba ya DAWASA. Mdomo mmoja unawagusa wote wanne, hivyo wote wasaini mchoro kabla ya tofali la kwanza kulazwa. Bomba likichimbiwa baadaye, udongo urudishwe kwa tabaka za milimita 150, kila moja ishindiliwe, la sivyo njia itazama palepale gurudumu la mbele linapopita.