Miji saba ya Joseph Okumu

Chemelil, Bethlehem, Ann Arbor, Herriman, Borås, Ghent, Reims. Kijana yeyote anayetaka kucheza beki wa kati kwenye timu yangu lazima ayataje majina hayo kwa mpangilio bila kukwama. Ndiko Joseph Okumu alikopitia, mzaliwa wa Kisumu mwaka 1997, hadi akafika ligi kuu ya Ufaransa. Mafowadi wangu mfano wao ni Michael Olunga, viungo ni Victor Wanyama, wote waliochezea timu ya taifa ya Kenya. Mabeki nawapa Okumu.

Nafundisha vijana wasiozidi miaka 17 huku upande wa Muhoroni, magharibi mwa Kenya, uwanja wenyewe umepakana na miwa. Juzi mama wa beki wangu mmoja alinipigia simu usiku. Kuna mtu amemwahidi kijana majaribio katika klabu moja ya Ghuba, na anadai shilingi elfu themanini za viza na za "kufungua faili".

"Kocha, mtoto amepata bahati. Nimeshaongea na mjomba wake tuuze ng'ombe."

"Mama, usiuze hata kuku. Kesho nakuja tuongee."

Alinionyesha ile barua kwenye simu. Nembo ya klabu ilikuwa imevutwa hadi ikapindika, anwani ya barua pepe ni ya zile za bure, na hakuna tarehe ya majaribio popote. Tarehe ya kutuma pesa ndiyo ilikuwepo, kwa herufi kubwa. Niliyomwambia mama huyo nayaandika hapa, maana najua barua za namna hiyo zinazunguka kwa wazazi wengi.

La kwanza, mwanawe ana miaka kumi na sita. Sheria za FIFA haziruhusu mchezaji kuhamia klabu ya nchi nyingine kabla hajatimiza miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache sana, kama vile wazazi wenyewe wamehama kwa shughuli zao zisizohusiana na mpira. La pili, wakala wa kweli ana leseni ya FIFA na jina lake linapatikana kwenye orodha yao, mtu yeyote mwenye simu anaweza kulitafuta. Malipo yake hutoka kwenye mkataba uliokwisha kutiwa saini. Hatoki mtu na leseni kuja kudai ng'ombe wa mama.

Halafu nikamsimulia Okumu, kwa sababu mzazi akisikia "hapana" peke yake anadhani unamfungia mtoto mlango.

Alianzia Chemelil Sugar, timu ya kiwanda cha sukari, mwendo mfupi tu kutoka hapa kwetu. Kutoka hapo akaenda Free State Stars, mji wa Bethlehem, Afrika Kusini. Hakupata dakika nyingi uwanjani. Wengi wakifika hapo hurudi nyumbani wakawa wanasimulia tu. Yeye mwaka 2018 alikwenda Michigan, Marekani, akachezea AFC Ann Arbor katika ligi ya daraja la nne, timu ambayo wachezaji wake wengi ni wanafunzi wa vyuo. Hebu fikiria: umetoka ligi kuu ya Afrika Kusini, unakubali kwenda kucheza na wanafunzi! Vijana wangu hapo ndipo huguna. Mimi naona ndiyo hatua kubwa kuliko zote alizopiga, maana beki asiyecheza hupotea. Macho yanapoteza vipimo, na hayo hayarudishwi na mazoezi. Alihitaji mechi, akazifuata zilipokuwa. Mwaka huo huo akasajiliwa na Real Monarchs, timu ya pili ya Real Salt Lake, ambayo uwanja wake uko Herriman, Utah.

Ikaja Juni 2019. Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, walikuwa kambini Marcoussis, Ufaransa, wakijiandaa kwa Kombe la Afrika, na Brian Mandela, beki tuliyemtegemea, akaumia goti vibaya mazoezini. Kocha Sébastien Migné akamweka Okumu katikati pamoja na Musa Mohammed. Kijana wa miaka 22 kutoka timu ya akiba ya Marekani, na kundi letu lilikuwa na Algeria ya Mahrez, Tanzania ya Samatta na Senegal ya Mané. Algeria walitufunga 2-0. Tanzania tukawafunga 3-2, na nani asiyekumbuka Olunga usiku ule wa Cairo? Senegal wakatuchapa 3-0, tukafunga virago. Fainali ikawa Algeria na Senegal.

Sasa hesabu. Tulifungwa mabao saba katika mechi tatu. Ukisoma matokeo tu gazetini, utasema mabeki wa timu hiyo hawafai kununuliwa na mtu. Lakini Agosti mwaka huo huo IF Elfsborg ya Sweden ikamsajili Okumu. Anayetafuta beki hatazami ubao wa mabao. Anatazama beki alisimama wapi mpira ulipokuwa upande wa pili, aligeuka lini, alimwita nani, na baada ya kufungwa alicheza vipi dakika tano zilizofuata. Hili nalirudia kila wiki, kwa sababu kijana wa nambari tano akifungwa huinamisha kichwa, na bao la pili huingia kichwa kikiwa bado kimeinama.

Borås kuna baridi na uwanja wa Elfsborg ni wa nyasi bandia. Msimu wa 2020 walimaliza wa pili nyuma ya Malmö. Mwaka 2021 akaenda Gent ya Ubelgiji, ambako kocha wa wakati huo, Hein Vanhaezebrouck, alipenda kupanga mabeki watatu nyuma. Mimi Okumu wa Gent ndiye ninayempenda zaidi, na video zake ndizo ninazowaonyesha vijana kwenye simu chini ya mwembe kabla ya mazoezi. Ana miguu mirefu, lakini hana papara nayo. Fowadi akija na mpira, yeye anasimama upande, bega moja mbele, anarudi nyuma taratibu akimsukumia kwenye mstari wa pembeni. Hajitupi chini. Anangoja mpira utoke mguuni kwa nusu hatua, ndipo anapotoa mguu. Na akiupata hapigi juu mpaka kwa jirani, anaangalia, anapanda nao. Hili zoezi tunalifanya wawili wawili katikati ya vijiti: beki amefunga mikono nyuma na haruhusiwi kugusa mpira kwa hatua kumi za kwanza. Wanalichukia! Yule kijana wa mama ndiye aliyelielewa kwanza, ndiyo maana namtetea.

Aprili 2022 Gent walitwaa Kombe la Ubelgiji kwa penalti dhidi ya Anderlecht baada ya sare tasa. Mwaka 2023 Reims wakamchukua. Majeraha yamemnyima mechi nyingi huko, na klabu yenyewe ilipitia Mei 2025 ya uchungu: wakafungwa 3-0 na PSG katika fainali ya Kombe la Ufaransa, na siku chache baadaye Metz wakawashusha daraja. Mama aliniuliza kama basi hiyo si hasara. Nikamwambia hapana, ndiyo kazi yenyewe, na mwanawe aijue hivyo tangu sasa.

Kinachoniuma mimi ni mji wa kwanza kati ya ile saba. Chemelil Sugar ilishuka kutoka ligi kuu. Sony Sugar ya Awendo ilifukuzwa ligini msimu wa 2019/20 kwa kushindwa kufika kwenye mechi. Viwanda vya miwa ndivyo vilivyolipa makocha, basi na chakula cha vijana wa huku, na viwanda vilipoyumba, timu zikayumba navyo. Kijana wangu akifikisha miaka 18 atacheza wapi mechi thelathini kwa msimu? Ndiyo maana barua za uongo zinapata wasomaji.

Na pesa zipo, wenzangu. Mchezaji akiuzwa nje, asilimia 5 ya ada ya uhamisho hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kuanzia miaka 16, kila mwaka mmoja ni nusu asilimia. Akiuzwa kwa yuro milioni moja, mwaka mmoja aliokaa kwako ni yuro elfu tano, na hizo kwa timu ya kijijini ni mipira, jezi na nauli ya misimu kadhaa. Lakini hulipwi kwa kusema "nilimfundisha mimi". Lazima kijana awe amesajiliwa kwa shirikisho akiwa na klabu yako, na tarehe ziwe zinasomeka.

Kwa hiyo makocha wa Muhoroni, Awendo, Nzoia na Mumias, sajilini vijana wenu msimu huu, hata wale mnaoona hawafiki mbali. Anayekwama kwenye fomu aniandikie hapa chini, nitamsaidia kuijaza. Na mzazi aliyepokea barua ya majaribio, nitumie picha yake kabla hujatuma hata shilingi.