Zawadi ya maonyesho, upande wa kushoto

Wiki iliyopita nusura nimtie aibu mteja wangu. Alinitumia orodha ya vipuri vya pikipiki, mistari mia mbili na ushei, niitafsiri kwa ajili ya maduka yake ya mikoani. Usiku ulikuwa umekwenda, nimeshavuka taa, vioo na madigadi, nikakutana na neno la Kiingereza: fairing. Nikalifungua kamusini, nikachukua maana ya kwanza niliyoiona, nikasonga mbele. Asubuhi napitia kazi na chai yangu ya rangi, nasoma: "Zawadi ya maonyesho, upande wa kushoto." Mstari wa chini: "Zawadi ya maonyesho, upande wa kulia, pamoja na skrubu."

Nilicheka hadi jirani akaniuliza kulikoni.

Kamusi haikusema uongo, lakini. Waingereza wa zamani kweli waliita hivyo kile kijizawadi unachomletea aliyebaki nyumbani wewe ulipokwenda gulioni: utepe wa nywele, biskuti, chochote. Kule Cornwall biskuti za tangawizi zinaitwa hivyo hadi leo. Karne ya 19 jina hilo hilo lilipewa vinyago vya kauri vya bei chee, vingi vikifinyangwa Ujerumani, vyenye vichekesho vya mke na mume. Kimoja kinawaonyesha wanakimbilia kitandani, atakayechelewa ndiye azime taa.

Asili yake ni neno la Kilatini, feria, maana yake sikukuu. Hapo nilitua kikombe. Nimekulia Nungwi, na sisi watoto wa Unguja hatukusema tunakwenda kwenye maonyesho ya Idi. Tulisema tunakwenda sikukuu. Siku na uwanja vilikuwa neno moja. Shangazi akitoka sikukuu Mnazi Mmoja alikuja na miwani ya plastiki isiyoonyesha kitu, tukaivaa mpaka inavunjika mkono. Wallahi ile ilikuwa fairing kamili, ila hatukujua kama ina jina.

Sasa kipuri. Nikaenda Kariakoo, duka la spea, nikamwonyesha kijana picha. Hakufikiri hata. "Dada, hilo kava." Kava la nini? "Kava la ubavuni." Basi.

Kava linafunika, ni kweli, lakini kazi yake kubwa ni kuupitisha upepo. Mwaka 1976 BMW walitoa pikipiki ya R100RS, bodi yake imepimwa kwenye handaki la upepo, yaani chumba cha kupulizia hewa kwa nguvu, ili dereva wa safari ndefu asipigwe kifuani njia nzima. Kabla ya hapo, miaka ya 1950, pikipiki za mashindano zilivishwa kava zima la mbele lililomeza hata gurudumu. Waingereza wakaliita pipa la taka. Lilikuwa na kasi ya kutisha, ila upepo wa ubavu ukilikamata linamsukuma dereva kama tanga. Baada ya msimu wa 1957 likapigwa marufuku. (Bodaboda wetu wanaofunga mwavuli juu ya kichwa wamefanya kinyume kabisa, na abiria tunashukuru siku ya mvua.)

Kilichonishangaza ni kwamba kipuri hiki si ndugu wa ile zawadi. Kimetokana na neno jingine, la Kiingereza cha kale, lililomaanisha uzuri. Mafundi wa meli waliligeuza kitenzi: kuupa uzuri mwili wa chombo, mistari yake iende moja kwa moja bila kifundo wala bonde. Ndege zilipokuja, wahandisi wakaliazima kwa vile vibao vinavyoziba maungio ili hewa isikwame.

Kazi hiyo nimeishuhudia kwa macho yangu. Babu yangu mzaa mama alikuwa fundi wa majahazi. Kabla ya kupiga mbao, aliulaza upapi mrefu, kijibao chembamba, juu ya mataruma, zile mbavu za jahazi, mimi nimeshika ncha ya pili, akachungulia kama mtu anayelenga shabaha. Upapi ukikaa juu ya taruma moja na kuacha mwanya kwenye jirani yake, alisema, "Hapa pana tumbo," na tezo ikapita. Anapima tena. Nilichoka mkono, nikimwambia babu mbona pameshakuwa sawa, ananijibu, "Macho yako yana haraka." Kalafati, kuziba nyufa za mbao, ilikuja baadaye, na deheni, ule mpako wa shahamu na chokaa, mwisho kabisa. Kwake chombo chenye tumbo hakikuponywa na deheni.

Maana ya nne ndiyo iliyonikesha usiku wa pili. Roketi nayo ina fairing: ganda la puani linaloikinga setilaiti isiraruliwe na hewa wakati wa kupaa. Linagawanyika vipande viwili kama ganda la karanga, likishafika hewa inapokuwa nyepesi linatupwa. Setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, siku Kenya inaadhimisha uhuru wake, ilipanda ndani ya ganda la namna hiyo. Likigoma kufunguka, uzito wake unaizuia roketi kufikia kasi inayotakiwa. Februari 2009 NASA walipoteza setilaiti ya kupima hewa ya ukaa kwa sababu hiyo, na Machi 2011 wakapoteza nyingine, Glory, kwa roketi ya aina ile ile. Zote mbili ziliishia baharini. Kitu kilichowekwa kulinda mzigo ndicho kilichouzamisha. Siku hizi SpaceX, kampuni ya roketi ya Marekani, wanayaopoa maganda yao baharini na kuyatumia tena.

Kwa hiyo nimeamua. Ya roketi ni ganda, ya shangazi ni zawadi ya sikukuu, ya babu ni kutoa tumbo. Kwenye orodha ya mteja nikaandika kwa fahari: "kava la upepo, kushoto", "kava la upepo, kulia".

Jibu lake lilirudi baada ya dakika kumi. "Asante dada, kazi safi. Ila futa upepo. Wateja wanasema kava."