Sasa wewe ulikuwa wa nini hapo?

Wiki hii tumemzika mjomba huko Kitale, Mama Shiru karudi kutoka kwa dada yake, bima ya gari nayo nimelipa, lakini mimi bado niko na swali la Jumamosi.

Kitindamimba alikuwa anapanga stoo, akaitoa ile modemu ya biti 2400 kwa sekunde, ile ya kuunganisha kompyuta na laini ya simu, kwa boksi la viatu. "Baba, hii nitupe?" Nikaruka. Nikamwambia hiyo ndiyo ilikuwa BBS yetu pale ofisini Nairobi, yaani kompyuta ambayo watu wanaipigia simu kwa kompyuta zao kuacha na kuchukua barua, mambo ya FidoNet, mtandao wa BBS kama hizo duniani, Afrika tulikuwa Zoni ya 5, usiku London wanapiga simu, modemu inapiga yowe kama jogoo mwenye mafua, barua zinaingia zingine zinatoka, asubuhi watu wanapiga mmoja mmoja kuchukua zao maana laini ni moja, ukikuta iko bize unangoja.

"London alikuwa anapiga nani?"
"Kompyuta."
"Na huku inashika nani?"
"Kompyuta."
"Sasa wewe ulikuwa wa nini hapo?"

Hakusema kwa ubaya, akaendelea kufagia. Lakini mimi nimeoga na hilo swali, nimepanda matatu nalo mpaka nikapitishwa steji. Wa nini! Si mvua ikinyesha laini inajaa takataka, skrini nzima ni alama za ajabu? Herufi 240 kwa sekunde, faili ya kilobaiti 100 ni dakika saba, inakatika ya sita, na kama mwenzako hana Zmodem, ile njia ya kutuma faili inayoendelea pale ilipokatikia, mnaanza upya. Haya yote nimeyakumbuka nikiwa nimechelewa.

Halafu jana saa nane usiku akanijia yule daktari wa Kisumu. Ukiwa mwenye mtambo ulikuwa unaona kwa skrini yako mtu aliyepiga akiandika, herufi kwa herufi, anakosea, anafuta. Siku hiyo akaandika nusu mstari, akaufuta wote, kimya, halafu: "kuna mtu?" Nikabonyeza kitufe cha kuongea, nikaandika "nipo daktari". Tukapiga stori weee, na simu ya mbali inahesabu tu. Sura yake sijawahi kuiona. Nikacheka peke yangu gizani mpaka Mama Shiru akaniuliza kama nina homa.

Asubuhi nimemwandikia kitindamimba yote hayo WhatsApp, refu kweli. Amejibu "haki baba 😂" halafu akauliza kama pampu imetengenezwa. Haijatengenezwa. Tangi halijajaa tangu Jumanne, na fundi simu yake imezimwa.