Kwa nini nimeacha kuandika mvn install kila mara

Kwa miaka mingi vidole vyangu viliandika mvn clean install, amri ya Maven (chombo cha kujenga programu za Java), bila mimi kufikiri. Ndivyo nilivyofundishwa, ndivyo maelezo ya miradi mingi yanavyoagiza, na kwa kuwa kazi ilikwenda, sikuona sababu ya kuhoji. Leo naamini kwa dhati kwamba amri ya kutumia kila siku kwenye kompyuta yako mwenyewe ni mvn verify, na kwamba install ibaki kwa haja maalumu.

Mzunguko wa kawaida wa Maven una awamu 23 zinazofuatana, na ukiita awamu fulani, zote zilizoitangulia hutekelezwa kwanza. Awamu ya verify ni ya 21 na install ni ya 22, kwa hiyo zinapishana kwa hatua moja tu. Ukifika verify, msimbo umekwisha kukusanywa (kwa Kiingereza, compile), majaribio madogo yamepita, faili la jar (kifurushi cha programu iliyojengwa) limefungwa, na kama mradi umepangwa hivyo, majaribio ya muunganiko, yaani ya sehemu zikifanya kazi pamoja, yamefanyika na matokeo yake yamekaguliwa. Kinachoongezwa na install ni kunakili faili hilo, pamoja na pom yake (faili la maelezo ya mradi), katika hazina ya ndani, yaani folda ya .m2/repository iliyo katika makao ya mtumiaji. Kwa kawaida kunakili huko hakuchukui muda wa kutajika, kwa hiyo hoja yangu si kasi. Hoja yangu ni kwamba verify huacha kazi yake ndani ya folda za target za mradi, ilhali install hubadilisha kitu kilicho nje ya mradi, ambacho matawi yako yote (matoleo sambamba ya msimbo wa mradi) na miradi yako yote hukitumia kwa pamoja.

Niliuelewa uzito wa jambo hili nilipokuwa na mradi wenye moduli (sehemu) mbili, msingi na ripoti inayoitegemea, zote zikiwa na toleo la SNAPSHOT, yaani lililo bado katika matengenezo. Katika tawi moja nilirekebisha ndani ya msingi kosa la hesabu ya mwisho wa mwezi, lililojitokeza Februari inapokuwa na siku 29, nikaendesha install. Kesho yake nilihamia tawi jingine, ambalo halikuwa na rekebisho hilo, nikaandika jaribio jipya katika ripoti na kujenga moduli hiyo peke yake kwa -pl ripoti. Kwa kuwa msingi haikuwamo katika ujenzi huo, Maven iliichukua kutoka hazina ya ndani, na iliyokuwamo ni ile ya jana, ya tawi jingine. Jaribio likapita. Nilipopeleka kazi, seva ya pamoja ya ujenzi ikalikataa jaribio hilohilo, nami nikapoteza saa kadhaa nikiishuku seva, hadi nilipotazama tarehe ya faili la jar ndani ya .m2.

Laiti ningeandika mvn verify -pl ripoti -am, Maven ingeijenga kwanza msingi kutokana na msimbo wa tawi nililokuwamo, na jaribio lingeanguka palepale mbele yangu. Wengi hudhani kwamba moduli za mradi mmoja haziwezi kuonana bila install, lakini moduli zikiwa katika ujenzi mmoja, Maven huzipanga kwa utegemezi wake na kuzipa moja kwa moja matokeo ya wenzake.

Install ina mahali pake halali: pale mradi mwingine kabisa, wenye folda yake na ujenzi wake, unapohitaji kuyajaribu mabadiliko yako kabla hayajachapishwa kwenye hazina ya pamoja. Hapo naiita kwa makusudi, nikijua ninachokiacha nyuma. Kwa majaribio madogo ya harakaharaka, mvn test yatosha. Ila usiishie kwenye integration-test, kwa sababu awamu inayofuata ndiyo inayozima seva iliyowashwa kwa ajili ya majaribio, nayo hutaifikia.

Siku hizi, kabla ya kupeleka kazi kubwa, hufuta ndani ya .m2/repository folda ya kundi la mradi wetu pekee, kisha huendesha mvn verify kwenye mradi mzima. Mara ya kwanza kufanya hivyo, ujenzi ulikwama kwenye moduli ya nne: ilitegemea jar ya moduli tuliyokuwa tumeiondoa mradini muda mrefu uliopita, na nakala iliyobaki katika hazina yangu ndiyo iliyokuwa ikiificha kasoro hiyo.