Kompyuta ya steshenari imenitoa jasho
Jana hapa Mwanga, Kigoma, nilihamishia madabodi (ubao mkuu) na SSD (diski ya kisasa isiyozunguka) ya kompyuta ya dukani kwenye kasha jipya. Ile hadi diski kuukuu yenye picha za pasipoti za wateja nikaiacha pembeni, maana ilishaanza kukwaruza kama panya darini. Nawasha: feni inazunguka, taa inawaka, kioo kinasema hakuna diski ya kuwakia. Na mama mmoja kasimama mlangoni anataka barua yake iprintiwe!

Nikabadilisha waya wa SATA, ule unaounganisha diski na madabodi. Wapi! Kuingia BIOS, ile mipangilio ya kabla Windows haijawaka, SSD inaonekana vizuri tu. Nusura nipige Windows upya, mdogo wangu akasema, "Kaka, hebu rudisha ile mbovu kwanza." Nikairudisha, ikawaka palepale.

Kumbe siku napiga Windows niliziacha diski zote mbili zimechomekwa. Windows ikakaa kwenye SSD, mafaili ya kuwashia yakajiweka kwenye ile kuukuu. Usiku nikaifanya C, sehemu ya SSD yenye Windows, iwe aktivu, yaani ya kuwashia, nikayaandika mafaili hayo huko kwa bcdboot, amri ya Windows ya kazi hiyo, nikachomoa hadi diski. Imewaka. Dogo anadai soda yake mpaka sasa.